Uliza Ujibiwe: Muvi ndani ya treni bila bando, inakuwaje?

Safari hii maswali karibu yote ni ya treni, nadhani kwasababu shule zinakaribia kufunga na watu wameshaanza kuulizia tiketi. Mi niko Tabora, honi ya usiku naisikia nikiwa kitandani, kwahiyo hapa mmenipata nyumbani. Nimechagua sita, mengine yalikua yanafanana.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mdogo wangu anasoma Ujerumani, juzi kanitumia video yuko kwenye treni anaangalia muvi kwenye simu, anasema hajaunga bando wala nini, ni waifai ya treni. Sasa huku kwetu mi nikitoka Tabora nikishapita Usoke mtandao unaanza kukata kata, ukirudi dakika tano unapotea tena. Hiyo ya kwao inapita wapi? Na sisi huku na msitu wetu si ndo basi tena? (Fundi simu, Ng'ambo, Tabora)

JIBU: Fundi, mdogo wako hajakudanganya ila kakuchanganya kidogo, na kosa sio lake, ni hili neno waifai. Tukisikia waifai tunajua ni intaneti. Waifai ni njia tu ya kutoka kwenye simu yako kwenda kwenye kiboksi kilicho karibu, kiboksi kikiwa na intaneti utapata intaneti, kikiwa hakina intaneti ila kimejazwa muvi utapata muvi. Ni kama pale dukani kwako mtu akija na memori kadi umjazie nyimbo, kwani kuna bando linatumika pale? Nyimbo ziko kwenye kompyuta yako, wewe unamhamishia tu. Sasa chukua hiyo kompyuta uifunge ndani ya behewa, uiwekee waifai, abiria ajihudumie mwenyewe. Imeisha.

Treni za mwendo kasi za Ujerumani zinaitwa ICE na zina ukurasa wao unaitwa ICE Portal, ukishajiunga na waifai ya behewa unaufungua kwenye brauza unakuta filamu, magazeti, vitabu vya kusikiliza, mpaka ramani inayokuonesha treni iko wapi na inakimbia spidi gani. Filamu haziji kutoka angani, ziko kwenye seva, yaani ile kompyuta niliyosema, iliyofungwa humo humo ndani ya treni. Intaneti wanayo pia lakini hiyo ni habari nyingine, juu ya paa kuna antena, ndani kuna ruta yenye laini za kampuni kadhaa za simu kwa pamoja, huyu akipotea yule anashika. Na hata wao wanahangaika, maana behewa la kisasa ni boksi la chuma na vioo vyake vina utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto, utando huo huo unazuia na mtandao, ndo maana wameanza kuvichora vioo kwa leza vimistari vidogo sana ili mawimbi yapite. Sisi kwenye treni ya zamani dirisha tunafungua, kwahiyo kioo sio tatizo letu, tatizo letu ni mnara.

Sasa piga hesabu uone kwanini seva ndo yenyewe kwa njia yetu hii. Tuseme behewa moja wapo watu 20 wanaoangalia muvi kwa wakati mmoja, kila mmoja anakula megabiti moja na nusu kwa sekunde, hapo tayari ni 30, zidisha kwa mabehewa kumi ni 300, mnara mmoja wa kijijini katikati ya miombo hauwezi hiyo kazi hata ukiubembeleza, na wanakijiji wenyewe nao wanataka kupiga simu. Ila muvi ya saa moja na nusu ikibanwa vizuri kwa skrini ya simu inakaa kama megabaiti 700, diski ya terabaiti moja inameza zaidi ya muvi elfu moja. Kigoma mpaka Dar ni kama kilomita 1,250, zaidi ya siku moja na nusu njiani, hata usipolala huwezi kumaliza muvi thelathini. Kwahiyo msitu sio kikwazo kabisa. Treni ikifika stesheni kubwa yenye mtandao mzuri seva inajiongezea vitu vipya, au fundi anakuja na diski anabadilisha, treni inaondoka.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho wa Ujerumani hatakuambia. Treni yetu inakatwa. Mabehewa yakifika hapa Tabora ya Mwanza yanachukua njia yao, ya Kigoma yao, na ya Mpanda yanakuja kuchepukia Kaliua. Sasa mtu akija na mpango wa kununua seva moja kubwa aiweke behewa la kwanza alafu avute waya mpaka la mwisho, siku ya kwanza tu muvi zote zitaenda Mwanza na watu wa Kigoma watabaki wanaangaliana. Huku kila behewa linatakiwa libebe kiboksi chake, kidogo, kinachojitegemea. Na kisiwe kompyuta ya mezani. Diski ya kuzunguka haiwezi mtikisiko wa reli, inatakiwa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, boksi liwe limefungwa vumbi lisiingie, na livumilie umeme unaopanda na kushuka. Wazungu wana kiwango chao cha vifaa vya elektroniki vya kwenye treni kinaitwa EN 50155, kinasema joto kiasi gani, mtikisiko kiasi gani, umeme uyumbe kiasi gani na kifaa kisife. Ruta ya dukani haitoboi miezi mitatu.

Wapo wanaosema tuwekewe skrini nyuma ya kila siti kama ndege. Mi napinga. India walijaribu mwaka 2017 kwenye treni mpya inaitwa Tejas Express ya Mumbai kwenda Goa, safari ya kwanza tu iafoni zikaondoka na abiria na skrini zikakutwa zimechubuliwa, mwaka uliofuata wakaamua kuzitoa. Na wale ni watu waliokata tiketi za bei mbaya. Abiria simu anayo mkononi, tena anaitunza kuliko atakavyotunza skrini ya serikali.

Kwahiyo ukiniuliza kianze nini, kabla ya muvi, kabla ya waifai, mi nasema soketi. Soketi ya kuchajia kila siti, inayofanya kazi. Muvi elfu moja kwenye seva na simu yako ina asilimia nne ni mateso tu. Na hapo ndo penye ugumu wenyewe, kwasababu treni inayovutwa na injini ya dizeli umeme wa mabehewa lazima utengenezwe humo humo, iwe kwa jenereta au dinamo inayozungushwa na magurudumu, na watu sitini wakichomeka simu kwa pamoja ni mzigo. Watu wa SGR kule Dar mpaka Dodoma toka 2024 wao treni inakula umeme wa nyaya za juu, hiyo shida hawana. Kipande cha SGR cha Tabora kwenda Kigoma mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, kwahiyo wewe fundi mwenye duka jifunze haya mambo ya seva mapema, mtu wa kuvirekebisha viboksi hivyo atatafutwa hapa hapa Tabora.

SWALI: Asalaam alaykum. Nasafiri na watoto watatu kutoka Kigoma kwenda kwa bibi yao Dar, wa kwanza ana miaka 11 wa mwisho 4. Simu ni moja tu, yangu, na pawa benki imeandikwa 10000. Mwaka jana simu ilizima kabla hatujafika Tabora na kuanzia hapo ilikua vilio na kuulizwa tumefika, tumefika. Nifanyeje? (Mama wa watatu, Ujiji)

JIBU: Waalaykum salaam mama. Pole, mpaka Tabora ni kama kilomita 400 tu, ulikua hujamaliza hata theluthi.

Kwanza hiyo 10000. Namba hiyo ni ya betri iliyoko ndani, ila mpaka umeme upandishwe nguvu na kuingia kwenye simu unapotea mwingi, utakachopata ni kama 6000 na kitu. Simu yako kama ina betri ya 5000, pawa benki inakujazia mara moja na chenji kidogo, sio mara mbili kama ulivyoambiwa dukani. Ya 20000 ni nzito lakini kwa safari hii ndo saizi yake.

Pili, na hii ndo iliyokuua mwaka jana, nina uhakika. Simu ikiwa msituni haioni mnara inaanza kutafuta, inatafuta kwa nguvu zote, kuliko ikiwa mjini, betri inaisha hata kama hakuna anayeigusa. Kuanzia Luiche iweke kwenye hali ya ndege, watoto waangalie vilivyomo. Unataka kumpigia bibi, subiri Uvinza, Nguruka, Kaliua, unafungua mtandao dakika kumi unazima. Punguza na mwanga wa skrini, usiku wala hawauhitaji wote.

Vya kuangalia jaza nyumbani ukiwa na waifai au bando la usiku, usisubiri stesheni. Na tafadhali mama ukishadaunlodi zima data kabisa alafu jaribu kuzicheza, kwasababu kuna programu zinakuonesha kabisa muvi imeshuka, ukifika porini inakuambia unganisha intaneti tuhakiki akaunti yako. Mi imenitokea, nilikaa na picha ya muvi mpaka Itigi. Katuni zilizo kama faili la kawaida kwenye memori kadi hazina huo usumbufu. Ukipita sokoni nunua kile kigawanyio cha iafoni chenye matundu mawili, ni rahisi, wakubwa wawili wanasikiliza pamoja mdogo anaangalia picha tu, wa miaka minne sauti sio muhimu kihivyo. Na hadithi za kusikiliza ziweke nyingi, skrini ikiwa imezimwa simu inakaa muda mrefu sana, usiku wanalala nazo.

Ila mchana usiwape simu. Daraja la Malagarasi waone, Uvinza waambie chumvi inatoka hapo, na stesheni zikija kina mama na madumu ya asali na karanga hiyo peke yake ni sinema. Simu itoe jua likizama. Na treni ikisimama usiku dirisha likiwa wazi simu isiwe mkononi mwa mtoto wa dirishani, hilo sina haja ya kueleza.

SWALI: Mechi ya Simba na Yanga nikiwa njiani nitaionaje? Jibu fupi tu kaka. (Mwana Jangwani, Isevya)

JIBU: Huioni. Muvi inawekwa akiba, mpira wa laivu hauna akiba, hapo lazima mtandao wa kweli au antena ya setilaiti juu ya behewa. Beba redio ndogo. Porini ukikosa hata redio, utasikia kelele za jukwaani ukifika stesheni inayofuata, ziwe za furaha au za msiba.

SWALI: Mambo vipi. Mi natengeneza filamu fupi hapa Tabora, ninazo nne, watu wangu ni majirani na ndugu. Mwaka juzi nikiwa kwenye basi nikashangaa filamu yangu inachezwa, tena imekatwa jina langu mwanzoni, konda kumuuliza anasema kajaziwa kwenye flashi. Hizo seva za treni zikija si ndo yale yale? (Mpiga picha, Cheyo)

JIBU: Mdogo wangu hii imeniuma, hasa hapo pa kukata jina.

Sheria ipo, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako kuoneshwa mbele ya watu inahitaji ruhusa yako, iwe ukumbini au kwenye basi. Hayo ya konda na flashi ni wizi, hata kama yeye hajui. Kazi zako ziandikishe COSOTA, wale wa hakimiliki, ili siku ya kubishana uwe na karatasi.

Lakini seva sio flashi, na hapa nataka unielewe vizuri kwasababu wasanii wengi wanaiogopa teknolojia ambayo ingewasaidia. Flashi ya konda haihesabu. Seva inahesabu kila kitu, filamu gani imefunguliwa, mara ngapi, imeangaliwa mpaka dakika ya ngapi watu wakaichoka. Kwa mara ya kwanza unaweza kujua kwamba kati ya Urambo na Nguruka watu 60 wamefungua filamu yako na 45 wameimaliza (namba za mfano hizo, usije ukaninukuu). Kwahiyo siku ukiitwa kwenye meza, iwe ni treni au meli au basi lolote lenye mfumo huo, usikimbilie kuuliza bei tu, uliza hesabu hiyo utapewa kila mwezi au hupewi, na iandikwe kwenye mkataba. Alafu usiuze moja kwa moja. Kodisha, kwa muda, miezi sita au mwaka, na uangalie hakuna maneno ya kwamba wao peke yao ndo wana haki ya kuionesha, maana ukisaini hapo hata jirani zako utakua huruhusiwi kuwaonesha. Na kumbuka Bodi ya Filamu ndo inayokagua na kupanga filamu iangaliwe na watu wa umri gani, behewani kuna watoto, hakuna mwenye treni atakayepokea kitu hakijapangiwa umri.

La mwisho ni la ufundi. Treni ina kelele na ina jua. Filamu yako ile ya usiku wa giza totoro, sijaiona ila naijua, kila mtu ana moja, kwenye simu dirishani saa nane mchana itaonekana kama umepiga picha ndani ya gunia. Tengeneza nakala ya pili umeiongezea mwanga, na weka maandishi chini hata kama ni Kiswahili, abiria asome pale reli inapopiga kelele. Dakika 15 mpaka 20 ni urefu mzuri, mtu anamaliza kabla ya stesheni inayofuata.

SWALI: Mwanangu, mwangaluka. Mimi ni mtu wa Usinge. Zamani tukipanda gari moshi tulikuwa tunaongea, ukishuka unajua shamba la mwenzio lina ekari ngapi. Siku hizi kila mtu ameinamia simu. Lakini nina shida nyingine. Nikitoka Tabora na treni ya usiku huwa nalala, nimekwisha kupitilizwa mara mbili mpaka Nguruka. Mjukuu wangu anasema simu inaweza kuniamsha ikifika Usinge hata bila vocha. Ni kweli au ananipumbaza? (Babu wa Usinge)

JIBU: Mwangaluka babu, shikamoo. Mjukuu anasema kweli kabisa.

Ndani ya simu janja kuna kitu kinaitwa GPS, kinasikiliza setilaiti zilizoko juu kama kilomita 20,000, zenyewe zinatangaza tu muda wote kama redio, simu inasikiliza inapiga hesabu iko wapi. Haitumi kitu, kwahiyo haina vocha wala bando. Kinachotaka bando ni ile picha ya ramani, na hiyo mjukuu anaidaunlodi kabla, mkoa wa Tabora na wa Kigoma yote, inakaa ndani ya simu. Zipo programu za kengele ya mahali, anaweka alama pale stesheni ya Usinge, anaiambia babu akibakiza kilomita tano piga kelele. Ukiwa mjini aijaribu kwanza huku data imezimwa, kama nilivyomwambia mama wa Ujiji. Simu iwe karibu na dirisha sio chini ya mkoba, paa la behewa ni chuma linaziba, na mara ya kwanza bila intaneti itachukua dakika kadhaa kujitambua iko wapi, usiikatie tamaa. Muhimu asije akakuwekea saa ya kawaida ya kuamka, treni ikichelewa utaamka porini.

Na babu, bado mwambie na mhudumu wa behewa. Simu inaisha chaji, mhudumu haishi.

Kuhusu kuongea, nakubaliana na wewe nusu. Reli ilifika hapa Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, nina hakika hata siku hizo kulikua na mtu amejifunika shuka hataki kuongea na mtu. Ila mi ningependa zile seva ziwekwe na sauti za wazee kama wewe, treni ikikaribia Urambo au Uvinza mtu avae iafoni asikilize mtu wa pale anaeleza pale ni wapi. Rekodi ya dakika tatu haimalizi hata megabaiti tano. Mjukuu akuwekee simu mezani uanze na Usinge.

SWALI: Kaka nisaidie, daraja la pili kulala tuko sita, mmoja anapiga taarabu kwa spika mpaka saa tisa usiku. Nikimwambia ataniona mshamba, nikinyamaza silali. (Msafiri, Mwanga, Kigoma)

JIBU: Usimwambie azime, mwambie umeupenda huo wimbo na umuulize kama ana iafoni asikilize besi vizuri. Akisema hana mpe zako. Mi ndo nilivyofanya, kati ya Manyoni na Tabora, jamaa alifurahi mpaka akanigawia kuku, dakika kumi behewa kimya, nikalala usingizi wa mtoto. Kuamka keshashuka nazo. Kama unasoma hapa kaka, ni zile nyeusi, upande wa kushoto ulikua hausikiki hata hivyo.